Penzi Lisilo na Shahidi

Wazee wa Vulamba hawakumwamini haraka mwanamume anayependa gizani. Posa ililetwa mchana, ikaletwa na watu, nao mbuzi wa mali, yaani mahari, walifungwa uani ambapo jirani yeyote angeweza kuwahesabu. Huyu wa mjomba, yule wa shangazi, wengine wa baba wakubwa na baba wadogo. Aliyepokea mbuzi alikuwa amejifunga: ndoa ikiingia matata ataitwa, na hataweza kusema kwamba hakuwa na habari. Vijana wa Butembo wanaolalamika leo kwamba mali ni kumnunua msichana wana hoja, hasa pale familia zinapodai kupita kiasi. Hata hivyo naamini wazee walitafuta kitu ambacho fedha haikitoi. Walikuwa wakimkusanyia binti yao mashahidi.

Majina yetu nayo hayakubali siri. Mwana wa kiume wa kwanza wa mama huitwa Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule. Hesabu hufuata uzazi wa mama. Mwanamke akiolewa, na mtoto wa kiume wa kwanza anayemzalia mumewe akaitwa Kambale, mtaa mzima unajua kwamba kuna Paluku mahali fulani. Swali linalofuata ni moja tu: baba yake ni nani?

Kuna akina Paluku ambao jibu lao halitamkwi, kwa sababu jibu ni mtu mkubwa: mheshimiwa, waziri, kamanda, mtu ambaye sura yake ilibandikwa kwenye kila ukuta wakati wa kampeni. Mama alipendwa, au aliambiwa anapendwa, kwa sharti la kufunga mdomo. Miaka ikipita, mkubwa akifa au akianguka, baadhi ya wanawake wa namna hiyo hufungua mdomo na kuandika kitabu. Watu hukinunua mbio mbio, wakakisoma usiku kucha, kisha asubuhi wakamtukana aliyekiandika. Wanamwita mtafuta pesa, mvunja nyumba, mwongo. Nimefikiri sana juu ya matusi hayo, na nimeona hayatoki katika busara ya wazee wetu hata kidogo.

Chukueni habari ya Nan Britton, Mmarekani aliyekulia katika mji wa Marion, jimbo la Ohio, mji uleule wa Warren Harding, mwenye gazeti aliyepanda hadi kuwa seneta na kisha Rais wa Marekani mwaka 1921. Mwaka 1927 Nan alitoa kitabu kiitwacho The President's Daughter. Alieleza kwamba alimzalia Harding binti, Elizabeth Ann, mnamo Oktoba 1919, na kwamba hata Harding alipokwisha kuingia Ikulu waliendelea kukutana kwa kujificha. Harding alifia madarakani Agosti 1923. Nan aliiomba familia ya marehemu imsaidie mtoto, ikamkatalia, ndipo akashika kalamu. Wachapishaji walimkwepa, ikabidi kitabu kitoke kwa chama alichokiunda mwenyewe na kukipa jina la binti yake. Walinzi wa maadili walijaribu kukizuia kisitoke mtamboni. Mtu mwingine akatoa kitabu cha kumkanusha. Nan akaenda mahakamani, akashindwa. Wakereketwa wa Harding walishikilia kwamba mzee huyo hakuwa na uwezo wa kuzaa.

Mwaka 2015 vipimo vya vinasaba vilivyochukuliwa kwa jamaa za Harding na kwa uzao wa Elizabeth Ann vilithibitisha kwamba Harding ndiye baba. Miaka 88 ilikuwa imepita tangu kitabu kitoke. Nan alikuwa amekufa mwaka 1991, na bintiye mwaka 2005. Mwanamke huyu alisema kweli kuhusu mtoto wake maisha yake yote, na hakukosa chochote isipokuwa mtu wa kusimama upande wake na kusema: nilikuwepo, nilijua. Msichana maskini wa Kyondo ambaye shangazi yake alipokea mbuzi mmoja tu alikuwa na ulinzi zaidi kuliko yeye.

Waswahili wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Ni kweli, wala mkubwa hafaulu kuficha. Gari lake huonekana limesimama nje ya lango usiku, walinzi wake hununua mishikaki kwenye kona, na watoto wa jirani wanajua jina lake. Lakini kujua si kushuhudia. Siku ya msiba wa mheshimiwa, wale wale walioona gari watapita mbele ya mwanamke yule kama hawajawahi kumwona, na jukwaani itasomwa orodha ya watoto wa marehemu isiyo na mtoto wake. Siri ya mkubwa haimfichi mkubwa. Inachofanya ni kumnyang'anya mwanamke watu wa kumsemea, na hilo ndilo kosa la siri yenyewe, hata pale ambapo mapenzi yalikuwa ya kweli kabisa.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchungu zaidi, na unatuhusu sisi Wakongomani moja kwa moja. Ni habari ya mwanamke aliyepewa mapenzi ya siri ambayo yeye mwenyewe aliyakana.

Andrée Blouin alizaliwa mwaka 1921 katika Ubangi-Shari, leo Jamhuri ya Afrika ya Kati. Baba yake alikuwa Mfaransa mfanyabiashara. Mama yake msichana Mwafrika, mdogo sana. Baba alipotaka maisha yake yaonekane safi mbele ya Wazungu wenzake, mtoto alipelekwa Brazzaville akiwa na miaka 3, kwenye nyumba ya masista iliyowafungia wasichana machotara, watoto ambao ukoloni uliwaona kama aibu inayotembea. Alitoroka akiwa na miaka 17. Baadaye aliishi hapa Kongo na Mbelgiji mwenye cheo kikubwa katika kampuni ya Kasai, akamzalia binti. Ndani ya nyumba alikuwa kama mke, mbele ya Wazungu hakuwa mke. Alijua basi, tangu utotoni, ladha ya kupendwa na mtu anayekuonea haya.

Kilichomwingiza katika siasa ni kifo. Mwanawe René, mtoto wa miaka 2, aliugua malaria huko Bangui, na akanyimwa kwinini kwa sababu damu yake ilikuwa na robo ya Uafrika na dawa ilitengwa kwa ajili ya Wazungu. Sisi tunaotoka nchi ambayo magome ya kinkina huanikwa kando ya barabara za Lubero, mti ule ule wa kwinini, inafaa tuisome habari hiyo polepole. Ndipo Blouin alipoelewa kwamba ukoloni haukuwa bahati mbaya yake peke yake. Mwaka 1958 alijitosa katika kampeni ya Guinea ya kuikataa Ufaransa. Mwaka 1960 alizunguka na watu wa PSA, chama cha Antoine Gizenga, kijiji kwa kijiji katika Kwango na Kwilu, akiwaandikisha wanawake katika chama chao wenyewe, akiwahimiza kujua kusoma na kujua haki zao. Uhuru ulipofika, Patrice Lumumba alimpa kazi ya kuongoza itifaki katika serikali yake.

Magazeti ya ng'ambo yakauliza mwanamke mzuri namna hiyo anafanya nini karibu na wanaume wenye madaraka, na jibu walikuwa nalo kabla ya kuuliza. Wakamfanya kimada: wa huyu, wa yule, wa viongozi wote waliokaa naye meza moja. Wengine hapa kwetu wakayapokea na kuyaeneza, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini kitanda kuliko kuamini kazi. Alifukuzwa nchini mwaka huo huo wa 1960, na uvumi ukabaki nyuma umekaa kwenye kiti chake. Mwaka 1983 kikatoka kitabu cha maisha yake, My Country, Africa, kilichotokana na masimulizi yake kwa mwandishi wa Kimarekani. Alikufa Paris mwaka 1986. Ni katika miaka hii ya karibuni tu, kitabu kilipochapishwa tena na filamu ya Mbelgiji Johan Grimonprez ilipotumia maneno yake mwaka 2024, ndipo vijana wengi wamesikia jina lake.

Hapa sina budi kugombana na methali. Lisemwalo lipo, wanasema, na kama halipo laja. Nimeisikia ikitumiwa katika mabaraza kumhukumu mwanamke ambaye hakuna aliyemwona akifanya neno, na kila mara iliposemwa, uchunguzi ulikoma. Mzee mwenye hekima hakuishia kwenye methali. Aliuliza nani aliona, lini, na alikuwa amesimama wapi. Methali ikitumika mahali pa shahidi, inakuwa silaha mkononi mwa yeyote mwenye mdomo. Leo diwani mwanamke, mwandishi wa habari wa redio, katibu katika ofisi ya gavana, kila mmoja akipanda ngazi hupewa mheshimiwa wa kumpandisha. Nan Britton alinyimwa penzi alilokuwa nalo. Andrée Blouin alipewa penzi alilolikana. Wote wawili walihukumiwa na watu ambao hawakuwapo.

Hata Lumumba, ambaye picha yake bado iko katika nyumba nyingi za Kisangani hadi kwetu, hakuwa nje ya maswali haya. Pauline Opango, mkewe, aliandikiwa barua kutoka gerezani ambayo dunia yote iliisoma baada ya mume kuuawa tarehe 17 Januari 1961, na Februari alitembea katika barabara za Léopoldville kifua wazi, kwa desturi ya msiba, akidai maiti. Huyo alikuwa na mashahidi. Miezi michache baadaye mwaka huo huo alizaliwa Guy-Patrice Lumumba, mwana wa mwisho, ambaye mwaka 2006 aligombea urais wa Kongo. Mama yake hakuwa Pauline, na ni Wakongomani wachache wanaolijua jina lake. Simtaji Lumumba ili nimshushe. Namtaja kwa sababu tumezoea kudhani kwamba ukubwa wa mwanamume mbele ya taifa unafuta deni lake mbele ya mwanamke mmoja, nami siamini hivyo.

Nasi wa Beni na Butembo tumeona sura nyingine ya jambo hili, isiyostahili kuitwa mapenzi. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, walikuja watu wenye magari, mishahara na uwezo wa kutoa kazi. Wanawake walisimulia baadaye kwamba kazi zile zilidaiwa kwa mwili. Tume huru iliyoundwa na Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti Septemba 2021 na kuhesabu watuhumiwa 83, kati yao 21 wakiwa waajiriwa wa shirika hilo lenyewe. Mwanzoni kila mwanamke alidhani yuko peke yake, maana kila mmoja alikuwa ameambiwa anyamaze. Waliaminiwa walipokuwa wengi. Mmoja mmoja walikuwa umbea. Pamoja wakawa ushahidi. Naomba tusichanganye habari hizi mbili, ya aliyependa na ya aliyelazimishwa, lakini tuone kwamba mlango uliotumika ni uleule: usimwambie mtu.

Sheria yetu, katika habari ya mtoto asiyetajiwa baba, imesimama karibu na wazee kuliko wengi wanavyojua. Kifungu cha 591 cha Sheria ya Familia ya 1987 kinasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na hakuna mwenye haki ya kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Mtoto wa nje anapaswa kutambuliwa rasmi ndani ya miezi 12 tangu kuzaliwa. Akitambuliwa baba angali hai, anarithi safu moja na watoto wa ndoa. Ni maneno mazuri, lakini ni mara ngapi mheshimiwa ameonekana katika ofisi ya komuni akisaini kwa ajili ya Paluku wake? Sitashangaa kama baadhi ya waliopiga kura kupitisha marekebisho ya sheria hiyo mwaka 2016 wana watoto ambao karatasi zao zina mstari mtupu mahali pa baba.

Binti akinijia na habari kwamba mtu mkubwa anampenda kwa siri, simwambii mtu huyo ni mwongo, maana sijui. Namwambia aombe jambo moja tu: mkubwa akubali mtu mmoja ajue. Shangazi yake binti, padri, rafiki wa zamani wa mwanamume, yeyote mwenye akili anayeweza kuitwa siku ya taabu. Mwenye mapenzi atakasirika kidogo kisha atakubali. Asiyekubali hata mtu mmoja amekwisha kujibu. Na kama mambo yamekwisha kutokea, mtoto yupo na mkubwa yuko hai, namwambia aache aibu kwa mwenye aibu, achukue shangazi na mjomba, waende wote watatu mchana wakamtake asaini. Akiwa amekwisha kufa, basi aandike: mwezi, nyumba, mji, maneno yaliyosemwa, majina ya waliofungua lango. Aandike hata kama hakuna atakayechapisha. Mwanawe atakapokuwa na watoto, wataulizwa babu yao ni nani, na ni haki yao kuwa na kitu cha kushika mkononi.