Neno Moja kwa Makosa Mengi

Wako wengi miongoni mwetu wasomao Kiingereza, na katika mazungumzo ya lugha ile hapana lawama itokayo kinywani upesi kuliko neno "hypocrite". Sisi twalifasiri "mnafiki", wala hatukosei. Lakini tukiwasikiliza wenyewe wakisema kila siku, twaona wamelipanua hata limemeza maneno mengine yaliyokuwa na kazi yake. Jambo hili si la watunga kamusi tu, maana mtu akiitwa jina lisilo lake huhukumiwa kwa kosa lisilo lake.

Asili ya neno ni Kiyunani. Huyo alikuwa mwigizaji wa michezo, avaaye kinyago na kunena maneno ya mwingine. Injili ikalitwaa kwa ajili ya watu wasalio ili waonekane. Likapita katika Kilatini na Kifaransa cha kale, na Waingereza wakalipokea karibu na karne ya 13. Basi shina lake ni kujifanya. Atangazaye kwamba anafunga, naye ala gizani, ndiye.

Yako na majina mengine. "Inconsistent" latoka Kilatini, nalo lasema juu ya mambo yasiyoweza kusimama pamoja. Laweza kunenwa juu ya hesabu za duka bila kumshtaki mtu uovu. "Fickle" ni kigeugeu. Hapo kale lilimaanisha mdanganyifu, bali leo hutumika hata kwa hali ya hewa. "Double standard" ni vipimo viwili, kimoja cha watu wangu na kimoja cha watu wako.

Kwa mtu abadiliye shauri, Waamerika husema "flip-flop", na neno hilo ni jina la kandambili pia. Mwaka 2004, John Kerry alipogombea urais, wapinzani wake walipunga kandambili mkutanoni ili kumdhihaki. Waingereza nao husema "U-turn", kama gari ligeuzwalo njiani kurudi lilikotoka. Mwaka 1980 Margaret Thatcher aliwaambia watu wa chama chake kule Brighton ya kuwa yeye si wa kugeuka, nao wakamshangilia. Sisi twauliza, je, ikiwa njia yaelekea shimoni?

Lakini neno lituumizalo zaidi ni lile la kwanza. Mfikirini baba avutaye tumbaku, naye amkataza mwanawe asivute. Kijana aliyejifunza Kiingereza atamjibu, "hypocrite". Je, ni kweli? Baba hakuvaa kinyago. Moshi waonekana na kikohozi chasikika hata kwa jirani. Aamini asemalo, tena alijua kuliko mwanawe. Amepungukiwa na nguvu, si na ukweli. Wanafalsafa wana neno la Kiyunani kwa hali hiyo, "akrasia", yaani kujua lililo jema na kushindwa kulitenda. Ila sokoni na nyumbani halisikiki, na kwa kukosa jina jepesi watu hulichukua lililo karibu.

Samuel Johnson, yule aliyetoa kamusi kubwa ya Kiingereza mwaka 1755, alikwisha kuliona jambo hili. Katika gazeti lake The Rambler, mwaka 1750, alitetea ya kwamba si haki kumshtaki unafiki mtu asifuye wema asioutenda, kwa kuwa aweza kusadiki kweli faida ya kuzishinda tamaa zake asipate bado kuzishinda. Alijua alilonena. Katika sala zake aliandika mara nyingi azimio la kuamka mapema, na mara nyingi akashindwa.

Tukiyaita mapungufu yote unafiki, atakayebaki salama ni nani? Ni yule asiyeahidi neno wala kumwonya mtu. Mlevi asiyesema kamwe juu ya kiasi hatapata jina hilo; watu watamsifu kuwa mkweli. Bali mlevi amwambiaye kijana, "Usinifuate," atanyamazishwa, na kijana atakosa onyo la mtu aijuaye njia ile.

Hata hivyo mwana ana haki yake. Ikiwa baba amchapa kwa tumbaku iliyonunuliwa duka lile lile anunuapo yeye, hapo kijana aseme juu ya vipimo viwili, na baba hana budi kumjibu.