Je, Cha Kale ni Aibu?

Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Walitujua vizuri. Mtu akinunua kochi jipya, majirani wote huitwa kuja kulikalia. Akipata kochi kuukuu na kulitengeneza kwa mikono yake, hulifunika kwa kitambaa na kuomba mgeni asiulize limetoka wapi. Kwa hiyo, wasomaji wapendwa, tunapenda kuuliza katika ukurasa huu: Je, ni aibu kuipamba nyumba kwa vitu vilivyokwisha kutumiwa na wengine? Na tena, je, yampasa mtu mwenye kipato kidogo kushughulika na mapambo?

Tuanze na hilo la pili. Wako wasemao kwamba pambo ni la tajiri, na maskini atosheke na paa na chakula. Sisi hatukubali. Bibi asukaye mkeka wa ukindu hutia nyuzi za rangi, ingawa mkeka usio na rangi hulaliwa vile vile. Mama mwenye nyumba ya udongo huusiriba ukuta wake kwa udongo wa rangi nyingine ili upendeze. Mwanadamu hataki kukingwa mvua tu. Amwambiaye maskini kwamba uzuri haumhusu amemnyima sehemu ya utu wake.

Lakini mtego uko hapo hapo. Wengi wetu tukiutaka uzuri huo hukimbilia kukopa. Makochi huletwa kwa mkopo, ada ya mtoto ikangoja, na kila mwisho wa mwezi mume na mke hugombana juu ya makochi yale yale yaliyoletwa ili kuwapendeza wageni. Nyumba njema si mlango. Fungua uingie ndani.

Kumbe dawa iko karibu. Katika masoko ya mitumba, kama Gikomba kule Nairobi, Kongowea Mombasa na Karume Dar es Salaam, mapazia na mashuka huuzwa pamoja na nguo. Pazia moja pana likikatwa vizuri hutoa foronya kadhaa za mito. Tairi lililokwisha, likioshwa, likazungushiwa kamba ya katani kwa gundi na kufunikwa kwa ubao, huwa kigoda imara. Kopo la maziwa likitobolewa chini hupandwa maua. Wazee waliotoa kibatari katika kopo na makatambuga katika tairi walikwisha kutufundisha kazi hii zamani.

Wala tusidhani ni kazi ya wasio na uwezo tu. Kule Lamu na Unguja, mafundi huchukua mbao za majahazi yaliyochakaa, wakazifanya mabenchi na meza, na wenye fedha huzinunua kwa bei kubwa. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu walishusha majini Flipflopi, chombo cha mita 9 kilichoundwa kwa taka za plastiki na kandambili zilizotupwa, na mwaka 2019 kikasafiri mpaka Unguja. Basi ikiwa tajiri hujivunia ubao wa jahazi bovu, kwa nini sisi tuufiche ubao wa kitanda cha babu?

Hata hivyo, si kila cha kale ni chema. Yatupasa kujiuliza mambo matatu.

Kwanza, kilikuwa cha nani? Chuma cha bei rahisi mno huenda kiling'olewa dirishani kwa mtu, au katika nguzo ya umeme. Mwezi Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa namna hiyo, na haikuifungua mpaka Mei. Anunuaye bila kuuliza humtia moyo mwizi.

Pili, kitamdhuru nani? Chombo kilichotiwa dawa ya wadudu kisiwekwe maji ya kunywa, hata kikioshwa mara saba. Mbao za paleti za mizigo nazo zina alama: HT maana yake zilitiwa joto, lakini MB maana yake zilifukizwa dawa yenye sumu, nazo hazifai kuingizwa chumbani.

Tatu, kile tulichookoa kimekwenda wapi? Hapa ndipo mtu mwenye kuweka akiba anapotengana na bahili. Bahili hukalia kiti kibovu ili fedha ziongezeke sandukuni. Mwenye busara hukalia kiti alichokitengeneza, na mtoto wake akaenda shule, au mgonjwa wa jirani akapata nauli ya hospitali.

Neno la mwisho ni kwa wale wanaotoa. Mara nyingi tunampa mwenzetu godoro lililooza au kikombe kilichopasuka, kisha tukajihesabu wakarimu. Huko ni kumpa kazi ya kututupia taka zetu. Kabla ya kutoa tukioshe kitu, tukishone, tukipigilie msumari, na tujiulize kama sisi wenyewe tungekipokea kwa furaha. Kikitoka mikononi mwetu kikiwa kizima, atakayekipokea hatahitaji kukifunika mgeni akibisha hodi.