Israfu ya Maji Penye Mto

Watu wengi wadhani kuwa israfu ni kosa la mwenye kichache. Ama mwenye kingi, na amwage atakavyo. Sisi wa pwani, tununuao maji kwa madumu, tukifika Kitale au Bungoma, ambako mvua ni nyingi na mito yateremka kutoka Mlima Elgon, twafungua mfereji wa msikitini tukauacha wazi tangu viganja hata miguu. Je, penye wingi israfu huondoka?

La. Sharia haipimi israfu kwa wingi wa mto, bali kwa haja ya mtu. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) akitawadha kwa mudi moja, nayo kwetu Mashafii haifiki lita. Imamu Nawawi ameeleza kuwa wanazuoni wamekataza israfu ya maji hata ufuoni mwa bahari. Na wakasema Mashafii: kuzidisha mara tatu ni karaha; yakiwa maji ya wakfu, ni haramu.

Tena mto hauna mwenyewe mmoja. Nzoia hupita nchi hizo ukaishia Ziwa Victoria. Wa juu akizidisha wakati wa kiangazi, wa chini hupungukiwa.

Basi ndugu zangu, tutawadhe kwa birika, na mfereji uvujao tuutengeneze. Asemaye tone si kitu, na aweke ndoo chini yake magharibi, aitazame alfajiri. Nafsi iliyozoea kumwaga penye wingi haitajizuia penye uchache. Wallahu aalam.