Haki ya Njia: Mawaidha kwa Wenye Viwanja Kandokando ya Barabara

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na akapitisha ndani yake njia pana ili waja wake wapate kusafiri. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote. Ama baad.

Fahamuni, enyi ndugu Waislamu, ya kuwa njia ina haki yake, na haki hiyo itaulizwa Siku ya Kiyama kama itakavyoulizwa haki ya jirani na ya yatima. Mtume (S.A.W.) aliwakataza masahaba kukaa njiani. Walipomweleza kuwa hawana budi na mabaraza yao, akawaamrisha basi waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Na katika hadithi nyingine amelihesabu tendo la kuondoa chenye kuudhi njiani kuwa ni tanzu moja ya imani. Ikiwa kuuondoa mwiba ni imani, je, ajengaye ukuta pahala pa kupita watu atakuwa na jawabu gani mbele ya Mola wake?

Jambo hili lawakhusu sana watu wa Maili Moja, mjini Kibaha. Barabara ya Morogoro yapita katikati ya mji wao, na wasafiri wengi watokao Dar es Salaam kwenda Morogoro na Dodoma, na wale washikao njia ya Tanga na Moshi hapo Chalinze, hupita mbele ya milango yao usiku na mchana. Kwa hivyo kila mtu atamani kiwanja ukingoni mwa barabara, kwani hapo ndipo riziki ipitapo.

Kutafuta riziki si kosa. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaji kuwa yafaa mtu kukaa njiani kwa kupumzika au kwa biashara, maadamu hawadhiki wapitao. Lakini katika kitabu hicho hicho ameeleza kuwa ni haramu kujenga dakka njiani au kupanda mti. Tafauti yake ni dhahiri. Mwenye kapu la machungwa huinuka jioni, na njia ikarejea kwa wenyewe. Tena akiambiwa asogee kwa maslaha ya watu, husogea. Ama mwenye kujenga kwa tofali na saruji ameitwaa njia, na atairithisha dhulma hiyo kwa wanawe.

Yaliyopita mwaka 2017 ni mazingatio makubwa. Serikali ilipoazimia kuipanua barabara kutoka Kimara hatta Kibaha, kiasi cha kilomita 19, zilivunjwa nyumba zaidi ya 1,000 baina ya Kimara na Kiluvya, kwa hoja ya kuwa zimo ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo huko ilihesabiwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya njia. Walikuwamo walioweka humo jasho la umri wao wote. Mwaka 2018 kazi ya kuipanua ikaanza, na leo magari hupita kwa wasaa pale palipokuwa na sebule za watu.

Basi asiseme mtu, "Hayo ni ya Kimara, hayanikhusu." Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande, ambapo zamani ilikuwa mita 22.5. Na imetangazwa azma ya kujenga njia mpya ya magari ya kulipia, kutoka Kibaha hatta Chalinze, yapata kilomita 79. Panapotajwa barabara mpya, ndipo madalali wanapoamka.

Na hapa pana maasia ambayo wengi wayadharau. Mtu ajua kuwa kipande chake kimo katika hifadhi. Akaona alama ya X nyekundu ukutani, akaipaka chokaa, akamuuzia mgeni atokaye mbali. Bai hiyo haisihi, kwani hakukimiliki alichokiuza. Na ikiwa sehemu ni yake na sehemu si yake, akaificha aibu hiyo, amefanya ghushi, na Mtume (S.A.W.) amemtoa mwenye kughushi katika mwendo wake. Akila thamani ile, ala haramu. Amepokea Bukhari na Muslim kuwa mwenye kutwaa shubiri ya ardhi kwa dhulma atavishwa shingoni mwake tabaka saba za ardhi.

Wala msikiti usifanywe ngao. Wako wajengao msikiti njiani wakidhani kuwa hapana atakayeugusa. Wakfu hausihi illa kwa alichokimiliki mtoaji. Na kwa madhehebu ya Imamu Shafii, sala katika ardhi ya kupora husihi, lakini mwenye kujua apata dhambi. Mwenyezi Mungu ni mwema, hapokei illa kilicho chema.

Ama wenye kutawala, wao nao wana deni. Yusuf (A.S.) alipanga akiba ya miaka saba kwa ajili ya miaka saba ya njaa, na watu wakaokoka kwa kuwa aliyatengeneza mambo mapema. Vivyo hivyo njia ya miaka 50 ijayo yataka kuwekewa mipaka leo, kwa mawe yaonekanayo, kabla maskini hajachimba msingi. Si kumwacha ajenge, atozwe kodi, aungiwe umeme, kisha aambiwe kuwa hapo si pake. Na aliyetangulia katika ardhi yake, barabara ikamfuata, huyo hutiwa X ya kijani, na haki yake ni kulipwa fidia. Kumtia alama kisha kumweka miaka asilipwe, wala asiweze kuuza wala kuezeka, ni dhulma, kwani Mtume (S.A.W.) ameita kuchelewesha kwa mwenye uwezo kuwa ni dhulma.

Imepokewa kuwa Sayyidna Umar alitaka nyumba ya Abbas ili aupanue Msikiti wa Mtume. Abbas akakataa, wakahukumiana mbele ya Ubayy bin Kaab, na hukumu ikawa ya Abbas. Umar, naye ni Amiri wa Waislamu, akaikubali. Haki ilipothibiti, Abbas akaitoa nyumba yake bure kwa ajili ya Waislamu. Hayo ndiyo makamu ya watu wawili: mtawala asiyepora, na raia asiyewafanyia watu ubakhili.

Basi, ndugu, kabla ya kununua, nendeni halmashauri mkaulize mipaka, wala msitosheke na maneno ya dalali. Aliyeuza pasipo haki na arejeshe mali ya watu kabla ya siku isiyokuwa na dinari wala dirhamu. Aliyezidisha dakka yake na aivunje kwa mkono wake, apate thawabu, kabla haijavunjwa na mwingine, akabaki na hasara peke yake.

Mwenyezi Mungu atuongoze sote katika njia iliyonyoka. Wabillahi taufiq.