Nani Ametengeneza Sosi Hii?

Kuna swali ambalo wageni huuliza wakishaonja tonge la pili: "Hii umetengeneza mwenyewe?" Mara nyingi ni adabu tu, njia ya kusema chakula kimekolea. Lakini ukilitazama vizuri utaona ni swali la maadili, na kwenye nyumba nyingi za jiji hili hujibiwa kwa uongo mdogo usiomshtua mtu. Nataka tuuchunguze uongo huo kwa kutumia sosi ya saladi. Kitu kidogo, ndiyo. Lakini kwenye vitu vikubwa kila mtu hujua kujitetea.

Sosi yenyewe ni ya saladi ya Caesar, ile ambayo mikahawa ya Nairobi huiandika kwenye menyu bila maelezo, kana kwamba sote tulizaliwa tukiijua. Wengi hudhani jina limetoka kwa mfalme wa Roma. La hasha. Caesar Cardini alikuwa Mwitaliano aliyehamia Marekani na kufungua mkahawa Tijuana, Mexico, ng'ambo tu ya mpaka. Marekani ilikuwa imepiga marufuku pombe, kwa hivyo watu wa California walivuka mpaka kunywa na kula kwa raha zao. Binti yake, Rosa, alisimulia kwamba tarehe 4 Julai 1924 wateja walifurika hadi jikoni kukabaki vitu vichache, na babake akachanganya alichokuwa nacho: letusi, mayai, mafuta, jibini, vipande vya mkate mkavu. Baadaye nduguye Caesar, Alex, alidai saladi ni yake. Mfanyakazi mmoja wa mkahawa huohuo, Livio Santini, naye alidai ilitoka kwa mamake kule Italia. Wote wameshafariki, na jina lililobaki kwenye chupa za supamaketi ni moja.

Hebu kwanza tuitengeneze, kwa sababu hoja yangu imo ndani ya bakuli.

Ponda punje moja ya kitunguu saumu pamoja na chumvi kidogo mpaka iwe kama uji. Tia kiini kimoja cha yai bichi, kwa hivyo hakikisha yai ni la leo au jana. Ongeza kijiko kidogo cha haradali, maji ya nusu limau, na matone machache ya sosi ya Worcestershire. Koroga. Sasa chukua nusu kikombe cha mafuta, yaani kama mililita 120, na uanze kuyatia tone kwa tone huku mkono mwingine ukikoroga bila kupumzika. Tone, koroga. Tone, koroga. Ukiona mchanganyiko umeanza kuwa mzito, unaweza kuyaacha yatiririke kama uzi mwembamba. Mwisho tia vijiko vitatu vya jibini ya Parmesan iliyokwaruzwa, uonje.

Kwa nini tone kwa tone? Mafuta na maji havipatani, hilo hata mtoto anajua. Kinachovipatanisha ni kiini cha yai. Ndani yake mna lesithini, ambayo upande mmoja hushika maji na upande mwingine hushika mafuta. Ukienda polepole, kila tone la mafuta hupasuka vipande vidogo sana na kila kipande huvikwa koti lake. Ukimimina yote kwa pupa, makoti hayatoshi, mafuta hurudiana, na sosi inakatika kama tui la nazi lililoachwa lichemke bila kukorogwa. Unabaki na bakuli la mafuta yenye chembechembe.

Haya yote nimeyajua kwa mamangu, ambaye alifanya kazi ya nyumba kwa miaka 19 katika mtaa wa Kileleshwa. Watu wa nyumba ile walimwita "dada", ingawa mwenye nyumba alikuwa mdogo wake kwa miaka kadhaa. Likizo zingine alinichukua nimsaidie kuosha vyombo. Nikiwa darasa la saba, kulikuwa na wageni wa chakula cha mchana, na saladi ilikuwa imetangulia. Kupitia mlangoni tulimsikia mgeni mmoja akiuliza sosi ile imenunuliwa wapi.

"Sijanunua," mwenye nyumba akasema. "Nimeitengeneza mwenyewe. Ni rahisi tu, unatia kila kitu kwa bakuli, unakoroga."

Nilimtazama mamangu nione kama atakasirika. Alikuwa akipangusa sufuria. Akatikisa kichwa na kuninong'oneza: "Masikini yule mama wa watu. Itamkatikia."

Ukisikia kisa hiki, hasira ya kwanza ni ya sifa. Mtu amechukua pongezi zisizo zake. Ni kweli, na ni vibaya. Lakini ona mamangu aliangalia wapi. Hakuangalia sifa. Aliangalia jikoni kwa mgeni, jioni fulani wiki ijayo, mwanamke amesimama mbele ya bakuli la mafuta yenye chembechembe akijiuliza amekosea wapi. Angempigia nani? Angempigia mwenye nyumba, ambaye hajui. Na aliyejua dawa yake alikuwa nyuma ya mlango bila jina.

Dawa ipo, na ni rahisi: chukua kiini kipya kwenye bakuli safi, kisha ile sosi iliyokatika uitie humo kidogokidogo huku unakoroga. Itashika. Lakini uongo wa maneno mawili, "nimeitengeneza mwenyewe", ulikuwa umeshaifungia njia dawa hiyo.

Kwa hivyo nadhani tumezoea kulifikiria jina la mtengenezaji kama nishani, kitu cha kuvishwa kifuani. Tukilifikiria hivyo, kumnyima mtu jina kunaonekana jambo dogo: kwani atakula sifa? Lakini jina pia ni anwani. Linaelekeza mahali pa kwenda kuuliza. Ukilifuta, umemdhulumu aliyetengeneza, na umempoteza pia aliyetaka kujua. Ndiyo maana washairi wa Taifa Leo huweka jina, lakabu na mji wao kwenye shairi. Ukitaka kubishana na mtu, unajua yuko Eldoret au Malindi.

Kisa cha Caesar chenyewe kinathibitisha hili. Mpishi wa televisheni wa Marekani, Julia Child, alipelekwa na wazazi wake kwenye mkahawa ule wa Tijuana akiwa mtoto. Miaka mingi baadaye alipotaka kuandika maelezo ya saladi ile kitabuni, alimtafuta Rosa. Jina lilikuwa limebaki, kwa hivyo mlango wa kubisha ulikuwepo. Kule ndiko inakotoka habari kwamba Caesar hakutia samaki wale wa chumvi, anchovi. Ladha yao ilitoka kwenye sosi ya Worcestershire, ambayo nayo huwa na anchovi ndani. Sasa jiulize kuhusu Livio Santini na mamake. Kama walisema kweli, basi kuna jiko moja Italia ambalo Julia Child hakuwa na namna ya kulibishia.

Sasa, kuna pingamizi tatu ambazo nimezisikia na sitaki kuzikwepa.

Ya kwanza hutoka kwenye lugha yetu. Jamaa yako anasema "nimejenga nyumba" na hajabeba hata tofali moja. Rafiki yako anasema "nimesuka nywele" ilhali amekaa saa nne kwenye kiti mtu mwingine akimsuka. "Nimeshona suti." Hakuna anayeona amedanganywa. Basi mwenye nyumba akisema "nimetengeneza sosi", kosa liko wapi? Liko kwenye swali. Ukisema umejenga, hakuna anayefikiria umejenga kwa mikono yako. Kila mtu anajua kuna fundi, na mwenye haja atakuuliza "fundi wako ni nani?" nawe utampa namba yake hapohapo. Lakini ukiongeza neno "mwenyewe", umeshaapa kuhusu mikono. Neno hilo ndilo linalomfuta fundi.

Pingamizi ya pili ni ya pesa: alilipwa, si ndiyo? Ndiyo, alilipwa. Na mafuta, jibini na bakuli havikuwa vyake. Lakini mshahara hununua kazi. Hununua asubuhi ya mtu, mgongo wake, hata ujuzi wake kwa saa zile. Ukweli kuhusu nani aliifanya kazi hiyo haumo kwenye bei, kwa sababu ukweli huo si mali ya mfanyakazi peke yake auze. Mgeni naye ana fungu lake.

Hapa najua nawagusa wengi wa rika langu. Tunawajua watu, na wengine ni sisi wenyewe, waliolipa kodi ya nyumba kwa kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha za chuo. Malipo yalikubaliwa, mwandishi hakulalamika, mwanafunzi alifurahi. Kwani nani ameumia? Subiri mhadhiri aulize: "Aya hii ya tatu ulimaanisha nini?" Tena subiri mwanafunzi huyo awe nesi, na wewe uwe mgonjwa. Yule anayeijua aya ya tatu yuko Roysambu, na hakuna mtu anayejua ampigie. Siwalaumu walioandika kwa njaa; njaa haina shule. Nasema tu kwamba watu wawili wakikubaliana kufuta jina, hawana uwezo wa kukubali kwa niaba ya wa tatu.

Pingamizi ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Inasema: hata mamako aliipata kwa mtu, na mtu huyo kwa mwingine, mpaka ufike Tijuana, mpaka Italia, mpaka kwa mtu wa kwanza aliyegundua kwamba kiini hushika mafuta. Ukitaka kumtaja kila mmoja, chakula kitapoa. Kwa hivyo afadhali kutomtaja yeyote.

Ni kweli mlolongo hauna mwisho. Mamangu aliipata sosi hii kwa mzee mmoja wa Vihiga, mpishi wa hoteli aliyestaafu, ambaye walifanya kazi pamoja kabla hajaenda Kileleshwa. Mzee aliipata wapi, hakusema. Lakini tangu nipate akili sijawahi kumsikia mamangu akiiita "Caesar". Nyumbani kwetu ni "sosi ya Mzee". Hakufika mwanzo wa mlolongo, wala hakujaribu. Alimtaja aliyempa yeye, basi. Na nadhani hicho ndicho kipimo kinachowezekana. Hatudaiwi historia nzima. Tunadaiwa mtu mmoja, yule ambaye mkono wake ulikutana na wetu. Kila mmoja akimtaja wake, anwani inafikika, hatua kwa hatua, hata kama hakuna anayeijua yote.

Tena deni hili ni rahisi kulipa kuliko yote unayodaiwa mwezi huu. Halipunguzi kitu. Ukinipa nusu ya sosi yako umebaki na nusu, lakini ukinitajia jina la aliyekufundisha bado unalo lote. Mtu anayekataa kulipa deni lisilomgharimu chochote, mimi huanza kujiuliza kuhusu madeni yake mengine.

Basi ukiitengeneza wikendi hii, na mtu akakuuliza, mwambie kwamba umeikoroga mwenyewe kama kweli umeikoroga. Kama aliyeikoroga yuko jikoni, mwite kwa jina lake, aje aulizwe yeye, na umvutie kiti. Ukiulizwa umejifunzia wapi, sema umesoma kwa kijana mmoja aliyefundishwa na mamake, aliyefundishwa na Mzee. Na umkumbushe mgeni kabla hajaondoka: mafuta ni tone kwa tone.