Nikijifunza, Nani Analipa?

Ukianza kukimbia ukiwa na miaka 21, ukichoka umechoka peke yako. Ukianza gitaa, atakayeumia ni jirani, na hapa Kamakis hata hatakusikia, maana wikendi nyama inachomwa na spika zinapigwa kando ya Eastern Bypass mpaka alfajiri. Mchezo wa timu ni kesi tofauti. Mimi nilianza voliboli nikiwa mwaka wa tatu chuoni, na kuna swali linaninyima usingizi kuliko hizo spika: nina haki gani ya kujifunza kwa pointi za watu wengine?

Voliboli haifichi mtu. Kwenye soka, asiyejua anawekwa pembeni na kuombewa. Hapa mko sita, mnazunguka nafasi, na yule wa upande wa pili anayeanzisha mpira anaangalia kwanza nani anatetemeka. Akishamjua atampigia yeye, halafu yeye tena. Sioni ubaya, ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo. Huwezi kuudaka mpira utulie kwanza. Huwezi kuugusa mara mbili mfululizo. Nikiupokea ovyo, anayepangia wenzake mpira anakimbia kuuokoa, mshambuliaji anaruka bure, na pointi imeenda. Zamani pointi ilipatikana tu na upande ulioanzisha mpira. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 sheria ikabadilika, sasa kila mpira unaoanguka ni pointi ya mtu.

Kwetu kuna wachezaji wanaosomeshwa na huo mpira. Wanapunguziwa karo kwa sababu wanacheza, na msimu mbaya unaweza kuwaletea barua kutoka ofisini. Mmoja wao aliniambia tukirudi kwa matatu, bila hasira yoyote: "Wewe unakuja kunyoosha mwili. Mimi hii ni karo." Sikuwa na jibu. Mpaka leo sidhani kuna jibu la mkato.

Watu hunipa moyo kwa mfano wa Hasheem Thabeet. Kweli, kijana wa Dar es Salaam, alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, na mwaka wa 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili katika uteuzi wa NBA. Lakini buda ana zaidi ya futi saba! Hadithi za waliochelewa husimuliwa na waliofika. Mimi sitawahi kuichezea Malkia Strikers. Nitakuwa mchezaji wa kawaida, pengine chini ya hapo, mpaka nimalize chuo. Swali langu linahusu mtu kama huyo.

Ndiyo maana napenda habari ya jinsi mchezo wenyewe ulivyoanza. William G. Morgan aliubuni mwaka wa 1895 huko Holyoke, Massachusetts, akiwafikiria wanaume wa makamo, watu wa biashara waliokuja YMCA na kuona kikapu kinawaumiza. Kila upande ungeweza kuwa na watu wangapi, na mpira kuguswa mara ngapi, bila kikomo. Yaani ulitungwa kwa ajili ya waliochelewa. Habari ya sita na ya kugusa mara tatu ilikuja baadaye, watu walipokuwa wakali.

Hiyo hainipi haki ya kuwa uwanjani tukiwa 23 kwa 23. Hapo nikalishe benchi, nitapiga makofi. Mazoezi ni kitu kingine. Wenzangu hawakuzaliwa wakijua. Walijifunza wakiwa shule ya msingi, na watoto wenzao ndio waliopoteza pointi. Bei ilikuwa ndogo, hakuna aliyeiandika popote. Kwetu saa ya michezo ilikuwa kwenye ratiba, na mwalimu wa hesabu alikuwa kwenye saa ya michezo. Leo naomba kitu kilekile walichopewa wao, ila bei imepanda.

Na sina cha kumlipa yule wa karo. Nikimwokotea mipira na kufunga wavu kabla hajafika, bado yeye ndiye anayepoteza.

Muhula huu amekuja msichana wa mwaka wa kwanza ambaye hajawahi kugusa mpira. Kocha akauliza nani atafanya mazoezi naye, watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Nikamchukua. Ana bidii, ananiita "sister", na kila mpira wake unaenda nyuma ya vyoo. Mapokezi yangu, yaliyokuwa yameanza kunyooka, yamesimama palepale, maana nusu ya saa niko kwa nyasi nikitafuta mpira. Kesho tuna mazoezi tena. Bado sijaamua kama nitamwomba kocha anibadilishie mwenzangu.