Kunguru Aliyekaribishwa



Kunguru weusi wanaotusumbua katika miji ya pwani hawakuja wenyewe. Katika miaka ya 1890 waliletwa Unguja kutoka India ili wale takataka za mjini. Kazi hiyo waliifanya; kisha wakala mayai na makinda ya ndege wenyeji, wakaenea hata Mombasa na Dar es Salaam. Wametegwa, wamewekewa sumu, wakapungua. Wakazaana tena, maana jaa lipo pale pale.

Nasi wazazi, tabia mbaya ya mtoto twaisema kana kwamba iliruka yenyewe kutoka mbali: ameharibiwa na mji, na shule, na marafiki. Yamo ya kweli katika hayo. Lakini Bwana wetu, katika Marko sura ya 7, afundisha kwamba wizi na hila hutoka ndani, moyoni mwa mtu. Wala hakuwaambia hayo wapagani. Aliwaambia wanafunzi wake, tena nyumbani.

Uongo, kwa mfano, huwa tunaukaribisha kwa kazi ndogo. Mtu anayetudai anabisha hodi, nasi twamtuma mtoto: “Mwambie baba hayupo.” Kazi imefanyika, mdai ameondoka. Miaka ikipita, mtoto yule yule anatuambia ada ameilipa, kumbe ameila. Twashangaa, twauliza tabia hii kaitoa wapi.

Basi Kwaresima hii, kabla ya kumkaripia mtoto, twende naye kwa yule mdai. Fedha yake bado hatujamlipa.